Pingili ya Pili

Siku Nyamizi alipopanda treni kwenda kutolewa ukungu machoni
hakuniachia ufunguo wa kabati wala neno la kodi.
Aliniachia makopo kumi na saba:
kopo la rangi, kopo la maziwa ya unga, sufuria iliyotoboka,
ndoo isiyo na mkono, na beseni moja la bluu
ambamo jimbi la madoa meupe
limejitanua kama bibi harusi garini.

"Chomeka kidole, Milembe, hadi pingili ya pili.
Kikitoka na udongo, nenda zako ukalale.
Kikitoka kikavu, nusu kikombe,
pembeni, si utosini.
Hawafi kwa kiu hawa.
Hufa kwa huruma."

Hakuwahi kusema *unanyauka*. Alisema *ananuna*.
Hakusema *umechipua*. Alisema *kajifungua*.
Mimi ninayesahihisha ngeli za darasa la sita pale Isevya
niliona kosa, nikanyamaza.
Wiki ya tatu nami nikapiga simu:
"Yule wa dirishani kajifungua, mama. Majani mawili."

Agosti, bomba likaanza kukohoa hewa.
Nikawa naosha mchele, maji meupe nawapa wao.
Kila Ijumaa nikawageuza kidogo,
wasijezoea kulitazama jua kwa shavu moja.
Nikawafuta vumbi kwa kipande cha kanga,
kiganja kimoja chini ya jani,
kama unayemfuta mtoto pua naye anakwepa.

Nje, ua wa mnyaa ulikuwa na ubishi wake.
Mtaa mzima wa Ng'ambo umepauka,
mtini wa jirani umebaki mifupa,
wenyewe kijani tu, kijani cha kiburi.
Nikaupunguza kwa panga, upepo ukiwa mgongoni,
nimevaa miwani niliyoazima kwa fundi wa kuchomelea,
maana utomvu wake hauchagui jicho.
Hapo nikafikiri miaka ambayo Nyamizi aliukata peke yake,
bila miwani.
Sikuuliza. Kuna maswali hayapigiwi simu.

Kisha kroton akafa.

Niseme kweli: nilimuua.
Alidondosha jani moja, nikaogopa, nikammwagilia.
Akadondosha matatu, nikammwagilia asubuhi na jioni.
Pingili ya pili ilikuwa inaniambia *lowe, lowe,*
nami sikuwa nasikia kwa kidole, nilikuwa nasikia kwa hofu.
Nilipomng'oa, mizizi ilinuka kama tambara la jikoni.

Nikaenda kwa muuza miche karibu na stesheni.
Mwekundu vile vile, mishipa ya njano vile vile, elfu tano.
Nikampanda katika kopo lile lile la rangi,
nikamwegemeza ukuta ule ule.
Kwenye simu nikasema, "Hajambo."

Alirudi Novemba, bati likinuka mvua isiyonyesha.
Akavua miwani myeusi barazani
akawatazama wote, mmoja mmoja,
kwa mara ya kwanza tangu mjukuu wake mkubwa aote meno.
"Mbona wadogo hivi?
Kichwani mwangu walikuwa msitu."
Akamfikia kroton. "Huyu jamani! Sikujua ni mwekundu namna hii."
Moyo wangu ukarudi mahali pake, ukakaa.

Halafu akafumba macho.

Akapapasa shina. Jani. Jani la pili. Ukingo wa jani.
Kidole kikapanda, kikashuka, kikarudi pale pale
kama mtu aliyefika nyumba ya rafiki
akakuta mlango umehamishwa.
"Wangu alikuwa na kovu hapa," akasema polepole.
"Mbuzi wa Kasanda alimng'ata."

Mimi na beseni tupu mkononi.

Hakufumbua. Akachomeka kidole hadi pingili ya pili,
akakitoa, akakisugua kwa dole gumba,
akakinusa.
"Karibu, mgeni," akamwambia. "Naona hapa unanyweshwa kwa adabu."

Kisha, bila kunigeukia:
"Na kodi ya Septemba, Milembe?"